Nilichokiona Kwenye Damu ya Salima

Majengo, mchana

Mwanangu Riziki,

Umetoka sasa hivi kwenda Himbi kumuaga shangazi yako, na ninamjua, atakuchelewesha kwa chai na kwa maneno. Nimekaa kwenye meza hii hii ya jikoni uliyochorea Jumanne. Mambo ya safari, karatasi za mpakani, basi la Kampala na koti la baridi, papa yako Shabani amekuambia mara tatu na kesho barabarani atakuambia ya nne. Mimi siyarudii. Nina jambo moja tu.

Jumanne nilikudanganya.

Nilikuwa nachambua maharagwe, nawe ulikuwa na furaha ya mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Nilikuuliza kwa mzaha huko Kampala unakwenda kusoma nini ambacho damu ya Goma haikuweza kukufundisha. Ukachukua kalamu, ukachora mistari miwili, ukasema huu ni mshipa. Halafu ndani yake ukachora vinyweleo vidogo vidogo. Ukaniambia kwamba kila mshipa una ngozi nyembamba kwa ndani, na ngozi hiyo imevikwa utando laini, kama ule ute wa samaki aliyetolewa majini muda huo huo. Utando huo ndio unaoshika maji ya damu yasivuje. Mtu akipoteza damu nyingi, mwili ukikosa hewa, utando unaanza kubanduka, na vipande vyake vinaelea kwenye damu, na vinaweza kupimwa. Ukanitajia kimoja, sindekani, tukacheka kwa sababu nililitamka kama jina la mama mmoja wa Kindu.

Kisha ukasema maneno mawili ambayo wewe uliyaona ya kawaida. La kwanza, kwamba alama hizo zinatokea mapema sana, katika saa ya kwanza, wakati presha inaweza kuonekana nzuri na kila mtu anashukuru Mungu. La pili, kwamba baadhi ya vipande hivyo vinafanya kazi ya ile dawa tunayotia kwenye vichupa vya labo ili damu isigande. Mgonjwa anajitengenezea mwenyewe dawa ya kuzuia damu yake isigande.

Mkono wangu ulisimama ndani ya maharagwe. Wewe ukaniuliza, taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa chumba cha mgonjwa:

"Mama, Mama Salima alikuwa hivyo?"

Nikakujibu, "Sijui, mwanangu. Wakati ule hatukuwa na vipimo vya namna hiyo."

Kwamba hatukuwa na vipimo, ni kweli. Kwamba sijui, ni uongo. Nimeusema uongo huo tangu ulipokuwa na siku mbili duniani, ila Jumanne ndiyo mara ya kwanza kuusema mbele ya macho yako, tena macho yenyewe ni ya Salima.

Hatukukuficha kwamba mdogo wangu Salima ndiye aliyekuzaa, nami nikakupokea. Kaburi lake unalijua, picha yake iko sebuleni, na baba yako Ramazani wa Kindu anakupigia simu kila Idi. Uliambiwa alifariki kwa kutoka damu ulipozaliwa, wiki ile mlima wa moto ulipopasuka. Yote ni kweli. Ila katikati ya hadithi hiyo kuna tundu, na ndani ya tundu hilo nimo mimi.

Siku lava iliposhuka mjini, Salima alikuwa na mimba iliyotimia. Ramazani alikuwa na lori lake upande wa Butembo, barabara imekatwa na watu wenye silaha, hana njia ya kurudi. Tulikimbia kwa miguu kuelekea Sake pamoja na mji mzima. Salima alitembea ameshika kiuno kwa mkono mmoja, mkono mwingine ameshika kanga yangu. Tulipofika karibu na Lac Vert, lile ziwa dogo la njiani, alisema hawezi tena. Tukatandika godoro kando ya barabara tukalala hapo siku mbili, ardhi ikitikisika chini ya migongo yetu. Nyuma yetu mbingu ilikuwa nyekundu hata mchana. Watu waliambizana kwamba gesi ya ziwa kubwa italipuka, kwamba Goma imekwisha. Mama yetu alitaka tuendelee mpaka Sake. Salima ndiye aliyekataa.

"Yaya," aliniambia, kama alivyozoea kuniita mimi dada yake mkubwa, "mimi nitazalia karibu na labo yako. Pale uko wewe."

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, kwenye maabara ya hospitali ndogo ya upande wa Himbi ambayo siku hizi haipo tena. Mwaka mmoja, na mdogo wangu alinitegemea kama ukuta. Tukarudi kwa sababu ya neno hilo.

Ulizaliwa asubuhi ya siku tuliyorudi. Ulilia vizuri. Nilikushika kabla hata hujafutwa, nikatoka nawe nje kumwonyesha mama yetu, na niliporudi ndani nikaona miguu ya mkunga imelowa. Damu ilikuwa inashuka kitandani inaingia sakafuni, haina sauti, haina haraka, na Salima alikuwa ananitazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu akasahau ni kitu gani.

Dokta wetu alikuwa kijana kutoka Butembo, mtu mpole, alikuwa hajalala tangu mlima upasuke. Alifanya kila ambacho mikono miwili inaweza. Alikandamiza, alishona, alichoma sindano alizokuwa nazo. Hapakuwa na umeme, friji ya damu ilikuwa imekufa. Nilipima damu yangu ikapatana na ya Salima, nikatoa mfuko mmoja. Dereva mmoja jirani yetu akatoa wa pili. Kilichobaki tulimjazia serum, yale maji ya chumvi ya mshipani, chupa juu ya chupa. Karibu na adhuhuri damu ilisimama. Presha ikapanda. Nilipima hemoglobini nikaona imepanda nayo, nikakimbia uani kuwatangazia watu. Mama yetu aliinama kwenye majivu akasujudu hapo hapo alipokuwa.

Wadogo watatu wa Ramazani walikuwa wamesimama uani, mikono ya mashati imekunjwa, wako tayari kutoa damu. Kumbuka hao watatu, mwanangu.

Dokta aliniita. Akaniambia, "Asha, weka damu yake kidogo kwenye kioo kikavu, tuone inaganda namna gani. Halafu uniletee jibu."

Kipimo hicho ni cha maskini, unakijua. Kichupa cha kioo kisafi, damu kidogo, unangoja, unainamisha. Damu ya mtu mzima wa afya inashikamana kama maziwa yaliyoganda. Niliiweka juu ya meza, nikangoja, nikitazama saa ya mkononi. Wakati ulipotimia niliinamisha kichupa, na damu ya Salima ikakimbia kwenye kioo kama chai. Nikangoja tena. Nikainamisha. Kama chai.

Nataka uelewe nilichofikiri, ingawa hakinisafishi. Nilifikiri vichupa tumeviosha kwa maji yenye majivu. Nilifikiri pengine nilichukua kichupa kilichobakiwa na dawa. Nje kulikuwa na watu walioungua miguu, watu waliovunjika wakikimbia, wote wananingoja. Salima alikuwa amepata usingizi, nami sikutaka kumwamsha kwa sindano nyingine. Na mama yetu nilikuwa nimeshamwambia mtoto wake amepona.

Nilimwaga ile damu kwenye ndoo. Nikafungua rejista, nikaandika neno moja mbele ya jina la mdogo wangu: kawaida.

Dokta alipita akasoma. Akaniuliza, "Iliganda vizuri?"

Nikamwambia, "Kawaida, dokta."

Akatoka uani akawaambia wale vijana watatu kwamba hawahitajiki tena leo, waende watafute chakula cha familia. Wakakunjua mikono ya mashati wakaenda.

Usiku ule Salima alianza kuvimba. Uso kwanza, halafu mikono, mpaka pete ikamezwa na kidole. Presha iliposhuka, dokta aliongeza serum, kwa sababu kwenye rejista hapakuwa na neno la kumwambia afanye vingine. Leo, baada ya mchoro wako, ninaona mchana kweupe jambo ambalo wakati ule sikuliona: kuta zake zilikuwa zimebanduka utando, na kila chupa tuliyomwekea ilikuwa inapita katikati na kwenda kukaa kwenye mapafu. Tulikuwa tunamimina maji kwenye kikapu. Na kioo kilikuwa kimeshaniambia.

Hapa ndipo palipo pagumu, na ningeweza kukuachia hapo juu ukafikiri umeshasikia yote.

Asubuhi ya pili niliingia labo, nikapima damu za watu wengine kwa vichupa vya beseni lile lile, vilivyooshwa kwa maji yale yale. Ziliganda zote. Kimoja baada ya kingine, niliviinamisha vyote, na hakuna kilichomwagika. Nikajua. Salima alikuwa bado hai, chumba cha tatu kutoka hapo nilipokuwa.

Nilikwenda mpaka mlango wa dokta. Aliinua kichwa, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi, akaniuliza nataka nini. Nilimtazama. Nikamwambia nimekuja kuomba spiriti. Akanipa chupa, nikarudi nayo.

Sijui hata leo kwa nini ulimi ulikataa. Nilimwogopa, lakini hakuwa mtu wa kuogopwa. Nadhani niliogopa kuwa mtu yule ambaye ningekuwa mara tu nikishasema. Nikajiambia imeshachelewa, na mtu aliyekosa anapenda sana neno hilo.

Mchana nilikuleta ukae kifuani pake. Alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima. Alikugusa sikio kwa kidole kimoja kilichovimba, akaniuliza, "Mutoto alinyonya?" Nikamwambia ulinyonya kwa mama mwingine wa wodi, na ulishiba. Akasema, "Basi, Yaya." Alikata roho kabla ya adhana ya magharibi, maji yenye povu la rangi ya waridi yakimtoka mdomoni, na mimi nikayafuta kwa kanga.

Dokta alisimama nasi kaburini. Alimwambia mama yetu kwamba Salima alipoteza damu nyingi mno, na hospitali yetu ilikuwa ndogo. Alilia. Mtu asiyekosa alilia, na mimi niliyekosa nilikuwa mkavu, nimesimama na wewe mgongoni, nimeduwaa, nasikia koleo za mchanga kama zinafanya kazi mtaa mwingine. Miezi michache baadaye alihamia mbali. Nilisikia kwamba aliacha uzazi kabisa, anatibu macho. Huenda ni kwa sababu nyingine. Huenda ni kwa neno langu moja. Sikumtafuta kumuuliza, na hilo nalo ni langu.

Mama yetu alikufa bila kujua. Papa Shabani, mume wangu niliyeshiriki naye sahani na shuka miaka yote hii, hajui mpaka leo.

Utaniuliza niliishije. Niliishi kwa kazi. Nilikuwa wa kwanza kufika labo na wa mwisho kufunga, watu wakanisifu kwa bidii. Ulipokuwa unatambaa ukachubuka goti, niliinama kutazama ile damu mpaka igande, wewe umeshanyamaza na umeshasahau, mimi bado nimepiga magoti. Papa Shabani alisema nakupenda kupita kiasi. Nilimwacha aseme hivyo.

Na bidii ile ilinifanya mkali. Alikuja mwenzetu mmoja mpya, mama wa watoto wawili, siku moja akaja mwenyewe kuniambia kwamba amechanganya majina ya wagonjwa wawili. Wote wawili walikuwa bado wamekaa kwenye benchi, hakuna aliyedhurika. Nilimpigia kelele mbele ya watu mpaka akatetemeka. Hakuja tena kuniambia kosa lolote, miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Wenzangu walisema amekuwa mtu makini. Mimi nilijua nimemfundisha kitu gani, kwa kuwa nilikuwa fundi wa kitu hicho. Ukipata watu chini yako, Riziki, na mmoja akaja kukuambia amekosea, mpe kiti kwanza. Jambo hilo nimelijua kwa gharama, na wengine ndio walioilipa.

Sasa nikuambie la vita hii ya mwisho, wiki ile waasi walipoingia mjini.

Wewe na papa yako mlikuwa hapa Majengo mmelala chini ya vitanda, simu zimekatika, na mimi nilikuwa nimenaswa hospitalini siku nne. Uliwahi kuniuliza niliona nini huko, nikasema niliona watu wengi. Watu walikuwa kwenye korido, kwenye ngazi, chini ya meza. Tulitembea kwa kuruka miguu ya watu. Siku ya pili asubuhi waliletwa mke na mume, watu wa Rutshuru waliokuwa wanaishi kwenye mahema upande wa Lac Vert. Mke aliitwa Uwera. Alikuwa akiuza makaa, kipande cha bomu kikampata pajani. Mume, Bahati, alikuwa amelifunga paja kwa mkanda wake wa suruali, na suruali ameishika kwa mkono wakati wote anapozungumza na sisi.

Dokta aliyempasua alikuwa mwanamke, mfupi, mwenye sauti ndogo. Alifunga mshipa, damu ikasimama. Presha ikapanda. Nilisimama pale mlangoni nikasikia muuguzi anasema, "Huyu amepona, Mungu ni mwema," na maneno hayo niliyatamka mimi, uani, mbele ya mama yangu.

Hakuna aliyeniomba kipimo. Nilichukua mwenyewe damu yake, nikaiweka kwenye kioo. Nikangoja. Bomu moja lilianguka karibu, vioo vya dirisha vikatikisika, nami sikuondoa jicho kwenye kichupa. Wakati ulipotimia nikainamisha.

Kama chai.

Sitaki kukuongopea tena, kwa hiyo nakuambia kila kitu: wazo la kwanza lililonijia lilikuwa lile lile. Kichupa kibaya. Baada ya miaka yote hiyo, akili yangu ilikimbilia pale pale kama mbuzi anayerudi zizini. Ila safari hii nilijua ni nani anayesema. Nilichukua kichupa kipya, nikakifungua mwenyewe kwenye karatasi yake, nikatia damu ya Uwera. Nikachukua cha pili kutoka boksi lile lile, nikajichoma mkono, nikatia damu yangu. Nikaviweka pamoja. Yangu iliganda. Yake ilikimbia.

Nilikimbia koridoni nikiruka watu, nikaingia chumba cha upasuaji bila kofia wala viatu vya ndani. Dokta alikuwa juu ya mtu mwingine.

"Dokta, yule mama wa paja, damu yake haigandi," nilisema. "Haiko makosa ya kichupa. Nimeweka damu yangu pembeni, yangu imeganda."

Hakugeuka. Aliniuliza, "Una hakika?"

"Nina hakika. Nimeona kwa macho yangu."

"Basi punguzeni serum. Nitafutie mutu wa kutoa damu ya moto, sasa hivi."

Damu ya moto ni damu inayotoka kwa mtu na kuingia kwa mtu, haijakaa friji, ina kila kitu ndani yake. Bahati alikuwa ameketi sakafuni. Nilimpima ikapatana, nikampima magonjwa kwa vipimo vya haraka nilivyokuwa navyo, akatoa mfuko mmoja akitazama ukutani. Akauliza kama anaweza kutoa na wa pili. Nikamkatalia. Askari mmoja mlinzi wa lango akatoa wa pili, mwalimu mmoja aliyekuja kumtafuta ndugu yake akatoa wa tatu. Uwera alivimba naye. Alipumua vibaya siku mbili, na mimi nilikwenda kumtazama kila nilipopata nafasi, nikimhesabia pumzi. Siku ya tatu aliomba uji. Baada ya wiki kadhaa alitoka na gongo kwapani, mume amebeba sufuria na blanketi, na walipopita dirisha la labo alinipungia mkono, kwa sababu Bahati alikuwa amemwambia.

Ungefikiri nilifurahi. Nilikwenda kukaa peke yangu kwenye ngazi za nyuma. Mwanamke yule alipona kwa sababu mtu alitamka maneno machache. Wadogo watatu wa Ramazani walikuwa wamesimama uani na damu ya moto mwilini mwao, na mimi ndiye niliyewaondoa.

Sisemi kwamba Salima angeishi. Wewe unayajua haya kuliko mimi, na umesema mwenyewe kwamba wengine hawaokoki hata mahali penye kila kitu. Labda utando wake ulikuwa umekwisha tangu saa ile ya kwanza. Labda ile safari ya Sake ilikuwa imemmaliza. Hakuna anayejua, wala atakayejua, kwa sababu mtu pekee aliyekuwa na alama mkononi aliimwaga kwenye ndoo. Nilimnyima mdogo wangu nafasi. Ilikuwa kubwa au ndogo, ilikuwa yake.

Ndiyo maana Jumanne nilishtuka vile. Unakwenda kusomea mashine zitakazoona, kwa tone moja, kile nilichokiona mimi kwa kioo kilichooshwa kwenye beseni. Nami ninafurahi kweli. Lakini mashine itakuletea jibu, na baada ya jibu kutakuwa na mtu wa kuliandika. Mtu huyo atakuwa amechoka. Atakuwa anampenda mtu aliyelala kitandani, au anamwogopa bosi wake, au ameshawaambia ndugu habari njema. Siku moja mtu huyo utakuwa wewe. Sina dawa ya kukupa ya siku hiyo. Ninachokupa ni habari ya mama yako mmoja aliyekosea, ili ikikufika usidhani wewe ndiye wa kwanza kuijua njaa ya kuandika unachokitaka.

Hutakiwi kunisamehe leo wala mwezi ujao. Sikuombi. Ukitaka kumpigia Ramazani umwambie, mwambie, ni haki yake, na nitazungumza naye mimi pia. Papa Shabani nitamwambia leo mbele yako au peke yetu, utakavyochagua.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii ndani ya sanduku lako, chini ya koti, uikute Kampala. Nilishaikunja mara moja. Nikaona kwamba ningekuwa nimekusubirisha mpaka uwe mbali, mahali usipoweza kunitazama wala kuniuliza, kama nilivyomwacha yule dokta na macho yake mekundu. Nimeifunua tena.

Nasikia lango. Unamsalimia jirani, unacheka kwa jambo alilokuambia. Bado kuna jua la kutosha la kusomea uani. Ninasimama sasa, ninakuja kukupa mkononi, na nitaketi kwenye kile kiti kingine mpaka umalize, hata ukisoma polepole.

Mama yako,
Asha